Mama ananiita wakili, nami ndiyo kwanza najaza fomu ya chuo

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 28, mtoto wa kwanza kati ya wawili, na nyumbani wananiita wakili msomi. Mimi si wakili. Hata shahada sina.

Nilipokuwa na miaka 20 nilichaguliwa kusoma sheria chuo kikuu, na mama alihakikisha hakuna ndugu asiyejua. Mwaka wa kwanza ulinishinda. Sikuwa mvivu. Nilisoma sheria kama nilivyosoma historia sekondari: nakariri majina ya kesi na miaka yake, halafu naingia kwenye mtihani nakutana na kisa cha watu wawili waliouziana gari bovu, naulizwa nani anamdai nani. Nilikuwa naandika kila ninachokijua kuhusu mikataba, isipokuwa jibu. Nikapata supu tatu, yaani mitihani ya marudio, nikafaulu moja. Nikadisko, nikaondolewa chuoni.

Mama alipopiga simu kuuliza matokeo, barua ya chuo ilikuwa mapajani kwangu. Nikasema, "Nimevuka, mama." Nilikuwa nimekata rufaa na niliamini nitarudishwa, neno lile liwe kweli kabla hajajua. Rufaa ikakataliwa. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuvuka kila mwaka. Nilivuka wa pili, nikavuka wa tatu, wa nne nikamaliza. Siku ya mahafali ya wenzangu nilimwambia mama kwamba sikujiandikisha kwa sababu joho na viti vya wageni ni gharama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ningekuja hata nikasimama nje ya geti."

Maisha yangu ya kweli yalikuwa yanaenda njia nyingine. Nilipata kazi ya kupokea wateja na kubeba mafaili katika ofisi ya wakili. Nikiwa na miaka 23 nikaanza astashahada ya sheria, masomo ya jioni. Nikasimama mwaka mmoja kwa kukosa ada. Nikaingia stashahada, miaka miwili, na mwaka jana nimeimaliza kwa daraja la kwanza. Siku niliyochukua cheti nilikitia kwenye bahasha ya kaki, nikarudi chumbani kwangu, nikaisukuma bahasha chini ya godoro. Ningemwonyesha nani? Mtu aliyekwisha kumaliza shahada anatafuta nini na stashahada?

Ofisini nako kuna toleo lake. Nilipoanza stashahada, bosi alimwambia mteja mmoja mbele yangu, "Huyu binti anachukua shahada ya sheria jioni, yuko mwaka wa kwanza." Sikumsahihisha. Mwaka uliofuata akanipandisha mwenyewe hadi wa pili, na sasa niko wa tatu. Ananiamini. Siku hizi mimi ndiye ninayeandika rasimu za barua za madai na mikataba ya upangaji, yeye anarekebisha na kusaini. Marekebisho yake yanazidi kupungua.

Utanicheka, lakini kwenye simu yangu nimeweka alama baada ya majina ya watu ili nisijichanganye. Wenye M wanajua nimemaliza na nasubiri nafasi ya shule ya sheria kwa vitendo. Wenye 3 wanajua niko mwaka wa tatu. Mwenye 0 ni mmoja tu, rafiki niliyesoma naye stashahada. Huyo anajua kila kitu.

Sasa naomba tena chuo kikuu, shahada ya sheria, mwaka wa kwanza, kwa sifa ya stashahada yangu. Fomu inafungwa baada ya wiki tatu. Kuna mahali panasema: orodhesha vyuo vyote ulivyowahi kusajiliwa, na sababu ya kuondoka. Halafu inatakiwa barua ya mtu wa kunipendekeza. Nilimwambia bosi kwamba nahama chuo, naye kwa wema wake akaniandikia barua nzuri mno. Mstari wa pili unasema mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria. Hajaisaini bado, anasubiri nimwambie kama kuna cha kuongeza.

Utetezi wangu ni huu. Uongo wangu ni wa kalenda tu. Sijasema mimi ni daktari. Nikikubaliwa, nitasoma miaka minne jioni, niende shule ya sheria, nikifika miaka 34 niwe wakili wa kweli, na kila nililosema litakuwa limetimia, ila kwa kuchelewa. Hakuna atakayepoteza kitu. Nitoboe siri sasa, nimvunje mama moyo, nifukuzwe kazi inayonilipia ada, wakati nimebakiza hatua chache? Mama ameshanunua gauni la siku ya kuapishwa kwangu. Liko kabatini kwake. Zamani alikuwa akiuliza, "Lini sasa?" Tangu mwaka juzi ameacha kuuliza.

Mama mdogo naye aliniletea karatasi za mirathi ya marehemu mume wake, akitaka kujua kama shemeji yake anaweza kuuza nyumba. Nilimjibu kutoka kwenye notsi zangu. Nadhani nilimjibu sawasawa.

La mwisho pengine halihusiki. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20, naye ameingia sheria kwa kunifuata mimi. Amepata supu mbili, moja ni ya mikataba. Wiki iliyopita alinipigia usiku akasema, "Dada, mimi si kama wewe. Wewe ulipita moja kwa moja." Anataka kuacha chuo. Nilimwambia aongeze bidii na aombe Mungu. Sikulala.

Marehemu bibi alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka saba na bado naiona inaendelea mbele. Nishauri.

Wakili wa Kalenda

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile bahasha ya kaki. Hongera. Daraja la kwanza kwenye stashahada ya sheria, masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba mafaili ya watu, tena baada ya mwaka uliosimama kwa kukosa ada, na kabla ya hapo barua ya kufukuzwa chuo ukiwa na miaka 21. Naona mimi ni wa pili kukupa hongera hiyo, wa kwanza akiwa yule rafiki yako wa sifuri. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili hapo ndipo niliposimama, kabla sijafika kwenye fomu na barua ya bosi.

Kama nimekuelewa, unauliza hivi: kwa kuwa umebakiza safari ambayo mwisho wake utayafanya maneno yako kuwa kweli, je, si afadhali kunyamaza ufike, kuliko kusema sasa ukapoteza mama, kazi na chuo kwa mkupuo mmoja? Ni swali la haki na sitalicheka. Wala simu yenye alama siicheki. Nimewahi kupokea barua za watu wenye ndoa mbili waliokuwa na mpangilio hafifu kuliko wako.

Ila hoja yako ya kalenda naomba tuikague, kama ambavyo bosi wako angekagua rasimu.

Kwanza, inachukulia kwamba miaka sita ijayo itaenda bila kukwama. Nawe unajua kuliko mimi kwamba sheria haisomwi hivyo. Ukipata supu moja tu, utakuwa na mambo mawili ya kubeba: supu yenyewe na jinsi ya kuificha. Pili, cheti huandikwa mwaka. Siku utakayohitimu shahada ya kweli, utamwalika nani? Kwa mama ulishahitimu zamani. Kwa hiyo mahafali yatakayokuwa yako kwa jasho lako itabidi uyafiche kama ulivyoificha stashahada, na yule mama aliyekuwa tayari kusimama nje ya geti atakuwa nyumbani, hajui kwamba leo geti liko wazi. Unasema hakuna atakayepoteza kitu. Mimi naona kuna mtu mmoja ambaye amekuwa akipoteza tangu mwanzo, naye ndiye aliyeandika barua hii. Kila hatua uliyopiga kweli imekwenda chini ya godoro ili ile ya uongo ikae sebuleni.

Kuna dhana nyingine imejificha humo: kwamba njia yako ni ya aibu kwa sababu ni ndefu. Nani alisema? Nchini Marekani, kwa kawaida, mtu haingii shule ya sheria kabla hajapata shahada nyingine ya miaka minne, ndipo asome sheria miaka mitatu, na baada ya hapo bado mtihani wa uwakili unamsubiri. Kuanza masomo hayo na miaka 28 ni jambo la kawaida kabisa huko. Na huku kwetu Afrika, Nelson Mandela alijiandikisha shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, akaanguka mitihani ya mwaka wa mwisho zaidi ya mara moja, akaondoka bila shahada. Akapita mlango mwingine, mtihani wa kusajiliwa, na mwaka 1952 akafungua ofisi ya uwakili Johannesburg pamoja na Oliver Tambo. Shahada yenyewe aliipata mwaka 1989, kwa masomo ya masafa ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Miaka 46 tangu aanze. Sikuletei jina hilo ujilinganishe naye, maana watu hulitumia kufunga mazungumzo. Nalileta kwa sababu tunaijua hadithi ya kufeli kwake, naye hakuikana, na hakuna anayemwita wakili wa kalenda.

Tuje kwenye fomu, kwa sababu ndiyo yenye tarehe.

Nilimpigia rafiki yangu aliye wakili, bila kutaja lolote la kukutambulisha. Alinikumbusha jambo ambalo wewe umelisoma. Katika mikataba ya kawaida, mtu kukaa kimya tu, kwa kanuni ya jumla, hakuhesabiwi kuwa udanganyifu. Lakini bima tangu jadi imekuwa na sheria yake: anayeomba anatakiwa kufichua hata jambo ambalo hakuulizwa, kwa sababu yule wa upande wa pili hana njia nyingine ya kulijua. Maombi ya kuingia kwenye taaluma ya sheria, akasema, yako karibu na bima kuliko na gari bovu la kwenye mtihani wako. Nawe umeulizwa wazi kabisa.

Nchi nyingi humtaka anayeomba uwakili athibitishe kwamba ni mtu wa mwenendo mwema, na kwenye hatua hiyo makaratasi ya zamani yanaweza kufunguliwa na kulinganishwa. Kuna kisa kinachojulikana sana kati ya wanasheria. Mwaka 1998 mwandishi wa Marekani, Stephen Glass, alifukuzwa na jarida la The New Republic baada ya kubainika kwamba alikuwa akitunga habari zake. Alimaliza masomo ya sheria, akafaulu mtihani wa uwakili wa California, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakataa kumsajili. Kosa lake lilikuwa zito mara nyingi kuliko lako, nisieleweke vibaya. Kinachotuhusu ni kwamba majaji hawakuishia kwenye habari zile za zamani. Waligusia pia kwamba alipoomba uwakili New York miaka ya nyuma, alikuza namna alivyosaidia kuzitambua habari hizo za uongo, na orodha aliyoitoa haikuwa kamili. Yaani fomu yenyewe ikawa ushahidi.

Kuandika kwamba ulidisko kuna hatari, sitakuficha. Vyuo vina kanuni zake kuhusu walioondolewa kwa matokeo: vingine huangalia miaka imepita mingapi, vingine huangalia umefanya nini tangu hapo. Unaweza kunyimwa nafasi mwaka huu. Kabla hujaamua lolote, nenda au piga simu ofisi ya udahili, uliza bila kutaja jina lako: mtu aliyeondolewa mwaka wa kwanza miaka saba iliyopita, sasa ana stashahada ya daraja la kwanza, anapokelewaje? Huenda jibu likakushangaza. Umekuwa ukimwogopa mlinzi wa mlango ambaye hujawahi kumuuliza kitu. Hatari ya kuficha nayo unaijua: nafasi inaweza kufutwa ukiwa mwaka wa tatu, au jambo likakungoja hadi siku ya kuomba kuapishwa, gauni la mama likiwa limepigwa pasi.

Bosi wako ni suala lingine, na hapa nadhani unajipunguzia kidogo. Unasema hukumsahihisha tu. Ni kweli kwa miaka ile ya mwanzo. Ila ulipomwambia unahama chuo, ukimya uliisha, hayo yakawa maneno yako. Na sasa anakaribia kuweka saini juu ya jambo lisilo kweli, yeye ambaye saini ndiyo mtaji wake. Naona njia tatu, na hakuna iliyo laini. Unaweza kumwomba aondoe mstari ule, aandike tu kazi anayokuona ukiifanya. Hilo linaiokoa barua, lakini linabakiza ile 3 kwenye simu, na yeye si mjinga, atauliza kwa nini. Unaweza kumshukuru, ukaomba barua kwa mwalimu wako wa stashahada, mtu anayejua hasa ulichosoma. Hapo bosi anabaki salama hata kama bado hajui. Au umweleze. Ukimweleza unaweza kupoteza kazi, na kazi ndiyo ada. Lakini naomba ujiulize: rasimu zako alizipunguzia marekebisho kwa sababu uko mwaka wa tatu, au kwa sababu ni nzuri? Mwaka wa tatu ni maneno yake mwenyewe. Rasimu ameziona kwa macho. Sijui atachagua kukumbuka kipi, nawe umekaa naye miaka mingi.

Mama mdogo. Hapa upole wangu unapungua, unisamehe. "Nadhani nilimjibu sawasawa" si sentensi ya kuachwa juu ya nyumba ya mjane. Mirathi ina mahakama yake, ina taratibu zake, na katika nchi nyingi asiyesajiliwa kujifanya wakili ni kosa la jinai hata akijibu sahihi. Hili halihitaji kungoja uamuzi wowote mwingine. Mwambie wiki hii aende kwa wakili aliyesajiliwa au kwenye kituo cha msaada wa kisheria, kwamba jambo hili limezidi uwezo wako. Kusema hivyo ni kweli tupu, na hakukulazimishi umsimulie miaka saba yote.

Nimemweka mama karibu na mwisho kwa sababu najua ndiye unayemwogopa kuliko mahakama.

Unaamini utamvunja moyo. Inawezekana. Sitakuahidi kwamba atakukumbatia. Huenda akalia, huenda akakaa wiki hazungumzi nawe, na yale aliyowatangazia ndugu yatamwaibisha yeye kabla ya wewe. Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe. Alikuwa akiuliza "lini sasa?" na tangu mwaka juzi ameacha. Kwa nini mama mwenye gauni kabatini aache kuuliza tarehe ya kulivaa? Mimi nimelea, na najua kuna swali ambalo mzazi huacha kuuliza kwa sababu amechoka, na kuna analoliacha kwa sababu ameshaanza kuhisi jibu na hataki kumlazimisha mtoto aseme uongo mwingine. Sijui wako ni yupi. Wewe ndiye unayeijua sauti yake.

Na jambo dogo: si kila mwenye M anadai maelezo. Majirani na marafiki wa shule hudaiwi nao transkripti. Ukiulizwa unaweza kusema "bado nasoma," maneno mawili, yote kweli, ukabadilisha mazungumzo. Mama ukimwambia, mwachie yeye aseme nini kwa ndugu na lini. Watu wengi hudhani kusema kweli ni kusimama katikati ya ukumbi. Mara nyingi ni kukaa na mtu mmoja, mlango umefungwa, bahasha ikiwa mezani. Ningekuwa wewe, na ningeamua kusema, nisingeenda mikono mitupu. Ningeenda na cheti kile. Aone kwanza ulichofanya, ndipo asikie ulichosema.

Unaweza pia kuamua kwamba mama asubiri hadi chuo kijibu. Ina mantiki: utamletea habari mbaya na nzuri pamoja. Ubaya wake ni kwamba chuo kikikataa, utakuwa na sababu mpya ya kusubiri tena, na wewe ni hodari wa kusubiri.

Sasa lile uliloandika kwamba pengine halihusiki.

Mdogo wako yuko kwenye chumba kilekile ulichokaa wewe na barua mapajani. Somo lilelile, mikataba. Anadhani ukoo wenu una mtu mmoja mwenye akili ya sheria na mmoja asiye nayo, naye ndiye huyo wa pili. Umemwambia aongeze bidii. Lakini tatizo lako halikuwa bidii, umenieleza mwenyewe, tena vizuri kuliko walimu wengi: uliandika kila kitu isipokuwa jibu. Katikati ya hapo na daraja la kwanza kuna kitu ulijifunza. Nadhani ulijifunza kukiona kisa, kuitambua hoja iliyomo, kutaja kanuni, kisha kuishika kanuni hiyo na kuisugua juu ya mambo ya watu wale wawili hadi jibu litoke. Hicho ndicho anachokosa, na ndani ya familia yenu ni mtu mmoja tu anayeweza kumfundisha. Ila mtu huyo, kwa hadithi anayoijua yeye, hakuwahi kupata supu.

Kalenda yako ina miaka sita mbele, fomu ina wiki tatu. Yeye sijui ana siku ngapi kabla hajaandika barua ya kuacha chuo. Sikuambii umweleze yote. Ana miaka 20, na siri ya dada mkubwa ni mzigo mzito, anaweza kumfikishia mama kabla hujajipanga. Unaweza kumwambia sehemu tu: "Mikataba ilinishinda mwaka wa kwanza. Nilipata supu. Niletee karatasi yako tuione." Hata hapo utakuwa umempa kitu ambacho dada aliyepita moja kwa moja asingeweza kumpa.

Fomu ikishafungwa, niandikie, ikiwa umeijaza hivi au vile. Niambie ofisi ya udahili walisemaje, na mdogo wako alipata ngapi kwenye supu ya mikataba. Na kama umeihifadhi namba yangu kwenye simu yako, nakuomba usiweke alama yoyote baada ya jina.